Robi Machage, Aliyepima Akili za Watoto

Padre, wazee wetu, majirani wa Buhare na ndugu mliotoka Butiama na Guta, mimi ni Rafaeli, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha ya dada yetu Robi Machage, nanyi mnivumilie, maana yeye mwenyewe aliniagiza nisiyapambe.

Dada Robi alizaliwa Butiama tarehe 14 Aprili 1971, mtoto wa kwanza wa mzee Machage na mama Boke, wafugaji, akaanza darasa la kwanza kijijini mwaka 1979, akasoma sekondari Musoma mjini, kisha ualimu. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu Bernado, wakajaliwa Grace mwaka 2000 na Jofrey mwaka 2003. Mwaka 2004 alihitimu shahada ya saikolojia, wa kwanza katika ukoo wetu, na tangu hapo hatukupumua, kila likizo alitupima haiba, mimi nikaambiwa majibu yangu ni ya mtu mgomvi, nikagombana naye kwa hilo hadi Krismasi ikapita.

Mwaka 2005 alianza kazi Bunda, ya kuwapima akili watoto waliosemekana hawaelewi darasani. Alifundishwa kwamba kipimo cha haki humuuliza kila mtoto swali lile lile kwa namna ile ile, naye akalishika hilo kama sala. Mwezi Machi 2011, pale Guta, aliletewa binti wa miaka minane aitwaye Dotto, akamwonyesha picha za ng'ombe na kumuuliza wako wangapi, mtoto akanyamaza, picha ya pili akanyamaza, na ya tatu, akapewa sifuri, na dada akaandika kwamba akili yake haiwezi masomo ya kawaida. Darasa la kumfaa halikuwepo, baba yake akamrudisha machungani.

Tarehe 23 Juni 2018 tulikuwa Butiama kugawana mifugo ya marehemu baba, shemeji Bernado, mtoto wa mjini, akaanza kuhesabu ng'ombe kwa sauti, na dada Robi ndiye aliyemkatiza kwa ukali, kwa sababu kwetu kumhesabu ng'ombe au mtoto kwa mdomo ni kukaribisha balaa, huitwa mmoja mmoja kwa jina, na asiyeonekana ndiye aliyepotea. Hakulimaliza karipio lake. Alikaa chini pale pale zizini na gauni lake la kanisani, akalia, sisi tukadhani anamlilia baba.

Kesho yake alikuwa Guta, akamkuta Dotto ana miaka kumi na mitano, bado anachunga, akamuuliza kwa nini siku ile alinyamaza. "Mwalimu, ng'ombe nilikuwaga nawaita majina, kuhesabu baba alikuwaga anakataza," Dotto alimjibu. "Na wewe majina hukuniuliza."

Dada aliomba uamuzi wake ufutwe, akaambiwa umri wa binti umepita, basi kwa ruhusa ya wazazi akamchukua hapa Buhare, akamfundisha mwenyewe kusoma na kuandika, wakapendana kama mtu na mamaye, lakini ile miaka haikurudi, naye hakujisamehe. Aliacha kupima watoto, akawa anasema Dotto amempata, wengine walionyamaza hajui waliko.

Agosti 2024 alianza kuumwa kichwa, tukampeleka Mwanza, ukaonekana uvimbe kwenye ubongo. Daktari aliyempima kumbukumbu alimuuliza ana watoto wangapi, dada akataja majina, akasisitiziwa aseme idadi, akanyamaza, ikaandikwa kwamba kumbukumbu imeondoka. Nilikuwepo, nilieleza, nikaombwa nisubiri nje. Uvimbe ulikuwa wa kweli, hilo silipingi, na alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025 alifariki nyumbani kwake, Dotto akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote, hata yule aliyeninyima sikio, majirani mliopika na kulala nasi hapa, na walimu wenzake wa Bunda.

Najua mnasubiri niseme ameacha watoto wangapi, ndiyo desturi ya kusoma huku, ila mtanisamehe, nitawaita, nao wasimame: Grace. Jofrey. Dotto.

Wapo wote, dada. Pumzika kwa amani, hakuna swali lingine.