Dobi Aliyechora Kengele za Kilima

Sauti mnayoisikia, wasikilizaji wapendwa, ni jiwe juu ya jiwe. Krr. Krr. Krr. Kuna mtu anasaga udongo mwekundu, taratibu, kama anayeogopa kuuamsha. Anasita. Anapuliza. Anausugua kwa vidole viwili. Kisha anasema kwa sauti ya chini: "Bado. Huu bado una mchanga." Anaendelea kusaga.

Huyo ndiye Bi Madoa. Binti yake aliirekodi sauti hiyo kwa simu, uani kwao, asubuhi moja kabla mama hajaanza kuugua. Bi Madoa ametutoka wiki hii. Alikuwa dobi. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: alikuwa dobi, na alikuwa mchoraji wa maua ya porini yaliyo hatarini kupotea. Udobi ulimlisha. Uchoraji wake ulikiokoa kilima kizima.

Jina la Bi Madoa alipewa na wateja. Ulikuwa ukimpelekea shati, analigeuza mara moja tu, anakusomea maisha yako. "Hili doa la chai. Hili la kutu. Na hili la hapa kolani usiniulize mimi, kamuulize mumeo."

Lakini doa moja lilimshinda. Lilikuwa doa la tunda la zambarau, kwenye shati jeupe la mwalimu. Alilisugua, akaliloweka, akalianika juani, akalisugua tena. Wapi! Doa lilikaa palepale kama mwenye nyumba. Mwingine angelikasirikia. Yeye alivuta kigoda, akakaa, akalitazama. Kama halitoki kwenye shati, akawaza, basi halitatoka kwenye karatasi.

Hapo ndipo alipoanza. Hakufundishwa na mtu. Vitu vilivyokuwa vikimsumbua kwenye nguo za watu akavifanya rangi zake: zambarau, manjano, udongo mwekundu wa kilimani, masizi ya pasi ya mkaa. Mume wake alikuwa akilalamika kwa majirani, huku anacheka: "Mimi nilioa dobi. Sasa naishi na mchafuzi!"

"Nyamaza, mzee," Bi Madoa alikuwa akimjibu bila kuinua kichwa, "nisije nikakuchora."

Sasa tuje kwenye ua lenyewe, lile la porini. Nyuma ya nyumba yao kuna kilima. Bi Madoa alizoea kutandaza mashuka kwenye nyasi za huko yapate jua. Siku moja, mvua za kwanza zikiwa zimepita, aliinua shuka akakuta chini yake vikengele vidogo vya zambarau, vimeinama kama watu wanaonong'ona. Alilikunja lile shuka. Msimu ule hakutandaza tena hata leso.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo mama mmoja mtaalamu wa mimea, ambaye makoti yake hayakukosa utomvu. Bi Madoa alimpeleka kilimani. Yule mama alipiga magoti, akayatazama kwa karibu. Kisha akamweleza. Ua hilo, kengele ya kilima, limebaki sehemu chache mno. Huchanua siku chache tu, na mwaka mzima unaobaki watu hulidhani ni majani. Ukilichuma, linanyauka mkononi. Ukilipiga picha, zambarau yake inatoka bluu.

"Linahitaji mtu wa kulichora," alisema.

"Mimi dobi," alijibu Bi Madoa.

"Najua. Ndiyo maana nakuambia wewe. Wewe rangi huwa hazikudanganyi."

Wasikilizaji wapendwa, picha ya kwanza iliharibika. Na iliharibika kwa kosa ambalo dobi pekee ndiye angeweza kulifanya. Alichora petali zote kwa maji ya zambarau, zikapendeza. Akachovya brashi kwenye bakuli lililokuwa karibu, akapitisha mara ya mwisho. Bakuli lile lilikuwa na maji ya sabuni. Zambarau ikageuka kijani mbele ya macho yake, petali baada ya petali.

Mdogo wake alikuwapo. Anasimulia: "Nilichungulia nikasema, dada, mbona umechora bamia? Na maua kule kilimani yalikuwa yameshanyauka. Ilibidi asubiri mvua za mwaka mwingine. Nikajua sasa atalia."

Hakulia. Alichukua karatasi nyingine, akadondoshea zambarau, akadondoshea na sabuni, safari hii makusudi. Ikawa kijani. Akaitazama. Akasema, "Haya. Basi majani nimeshayapata."

Toka siku hiyo mezani kwake palikuwa na vikombe viwili. Kimoja cha maji ya mvua, kwa ajili ya petali. Kimoja cha maji ya sabuni, kwa ajili ya majani. Na ole wake atakayevibadilisha!

Mvua ziliporudi alilichora upya. Akalichora lote, si wakati wa kuchanua tu. Kitunguu chake cha ardhini. Jani changa. Tumba. Ua. Mbegu. Na mwisho kabisa jani kavu la kiangazi, ambalo hakuna aliyejali kulitazama. Hilo alilichora kwa udongo wa kilima chenyewe.

Ndipo habari zikaja kwamba kilima kitachimbwa kokoto. Halmashauri ilisema itatuma mkaguzi kwanza. Kama kuna mmea adimu, kilima kitaachwa. Kama haupo, mashine zinapanda. Na mkaguzi akaja kiangazi, nyasi zimekauka, hakuna ua hata moja.

Alikuwa kijana mwenye adabu. Alizunguka kilima chote, akarudi anafuta jasho. "Mama, nisamehe. Nimetafuta. Naona majani makavu tu."

"Ndiyo hayohayo, mwanangu."

"Yepi?"

Bi Madoa hakumwonyesha. Alipiga magoti, akailaza picha yake chini. "Tafuta linalofanana na hili."

Kijana naye akapiga magoti na suruali yake safi. Akalitazama jani la kwenye karatasi. Akatazama ardhi. Rangi ilikuwa ileile, maana ilikuwa udongo uleule. Mtaalamu wa mimea alikuwa amesimama kando. Kisha wakamsikia: "Hili hapa!" Akasogea kwa magoti. "Na hili! Na hili! Jamani, kumbe nimeyakanyaga!" Alishuka kilima chote kwa ncha za vidole, kama paka anayeogopa maji.

Kule chini watu walikuwa wanasubiri jibu. Bi Madoa aliyatazama magoti ya mkaguzi, yamekuwa mekundu kabisa. "Suruali hiyo," akasema, "uniletee."

Ndivyo watu walivyojua kwamba wameshinda. Wasikilizaji, walipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Kilima hakikuchimbwa. Picha ikanakiliwa, ikabandikwa shuleni, zahanati, hata kwa kinyozi. Watu wa mbali wakaibeba, wakaenda nayo kwenye vilima vyao kiangazi, wakapiga magoti. Na wakalikuta. Ua lililodhaniwa linaisha, kumbe lilikuwa linakosa watu wa kulitambua.

Kwa mume wake, binti yake, mdogo wake na jamaa wote, redio hii inasema: poleni sana. Mmepoteza mtu, na sisi tumepoteza pamoja nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjasema "hayo ni majani tu", inameni kwanza. Magoti yakichafuka, yatafuliwa.

Leo asubuhi tulifika uani kwao. Mezani kuna picha ya ua jeupe la kandokando ya mto. Petali zimekamilika, shina bado. Kikombe cha maji ya mvua kimefunikwa kwa kisahani, alivyokiacha Bi Madoa mwenyewe. Binti yake alitaka kukimwaga, mama yake mdogo akamshika mkono. Kisha binti akavuta kile kigoda, akachukua jiwe. Krr. Krr. Krr.

Mama mdogo akachovya kidole, akasugua. "Bado. Huu bado una mchanga."

"Mkono umeniuma, mama mdogo."

"Basi funika. Kesho tunaanzia hapohapo."