Vumbi la Randa Kwenye Vanishi

Asubuhi hiyo benchi letu la kahawa lilikuwa linachemka kuliko birika. Kesho yake Seremala alikuwa anampeleka mdogo wake mahakamani. Wamerithi karakana moja: kaka anapiga randa huku, dada anapaka vanishi kule, vumbi linatua kwenye vanishi mbichi, viti vinaota ndevu. Dada kafunga mlango kwa kufuli, kaka kalivunja. Sasa anataka hakimu amgawie nusu yake, na hapo benchini kwetu uso umemsinyaa, maana ndugu hana mwingine.

— Kesi ya nini? alifoka Wakili. Tunamwita Wakili kwa mdomo wake tu. Digrii ya sheria ninayo mimi, na kazi hatuna wote. — Tusuluhishe hapahapa, laivu!

— Exactly! nikadakia. Mahakamani mmoja anashinda, mwingine ananuna mpaka kaburini. Kwenye usuluhishi wanakubaliana wenyewe. Msuluhishi hahukumu.

— Safi! Basi nahukumu mimi, akasema Breki, dereva asiye na gari.

— Hahukumu, we kichwa maji!

— Haya, niwe refa. Nina filimbi.

— Mimi namtetea Seremala, akasema Wakili. Msomi, mtetee dada.

Nikapanda mzuka, nikakubali. Waajiri wanataka uzoefu, si ndio huu?

— Vumbi lilikuwepo tangu enzi za marehemu baba yao, akaanza Wakili. Vanishi ndiyo mvamizi!

— Objection! Mteja wangu anataka fidia ya kila kiti!

— Mteja wangu anataka karakana ikatwe katikati, na paa lake!

— Kaka afanye kazi siku za mvua tu, Breki akapuliza filimbi. Vumbi likilowa haliruki!

Tulikuwa tumesimama sisi watatu, tunapigiana kelele, dada mwenyewe alipotokea, vidole vimeganda vanishi.

— Kuna nini?

— Tunakusuluhisha, dada! Breki akashangilia. Unaelekea kushinda!

Akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwa kaka yake.

— Na mimi nataka nini?

Wakili akanigeukia mimi, mtetezi wa dada. Mimi nikamgeukia Seremala.

— Sijui, mdogo wangu, akasema Seremala taratibu. Sijakuuliza hata siku moja.

Akasogea, akapangusa benchi kwa kiganja.

— Kaa. Niambie.

Breki akainua filimbi. Wakili akamnyang'anya, nami nikamshika Breki mkono, tukaondoka wote watatu.