Onsongo na Majosho Manne Makavu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1978, Bwana Phelix Onsongo anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika ofisi yetu ya mifugo. Alianza kama msimamizi wa josho, lile birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, akapanda hadi karani wa ripoti. Watu wa Kedowa wanamjua kwa baiskeli yake na kwa koti la mvua ambalo halijawahi kuzuia mvua.

Sisi tunamkumbuka zaidi kwa mambo ya 1971. Mwezi wa tatu tulipeleka ripoti kwamba majosho yote kumi na moja yanafanya kazi. Niliichapa mimi mwenyewe, na mkuu wetu wa wakati huo akasifiwa. Wiki mbili baadaye akaja Mama Chepkorir kutoka Chebunyo. Ng'ombe wake watatu walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa kupe.

"Hiyo josho yenu inafanya kazi wapi?" alimwuliza Onsongo. "Kwetu hata vyura wamehama."

Onsongo hakubishana. Alizunguka kwa baiskeli siku tano, akarudi na matope hadi magotini. Majosho manne yalikuwa makavu. Mkuu alimwonya anyamaze, la sivyo atahamishwa. Onsongo akabandika orodha ya kweli ukutani, pale wakulima wanapopanga foleni, na chini akaandika jina lake. Nakiri kwamba siku hiyo niliinamia taipureta yangu nisimtazame mtu.

Barua ya uhamisho ilikuja kweli, lakini wakulima walikuwa wameshasoma. Barazani Mama Chepkorir alisimama, akayataja majosho manne moja baada ya jingine, mbele ya mkuu wa wilaya. Uhamisho ukafutwa. Kufikia Agosti yote yalikuwa na maji na dawa, na tangu hapo orodha hubandikwa kila mwezi. Cheo cha Onsongo kilichelewa miaka sita. Ofisini hakulalamika, nyumbani alilalamika sana, kama mkewe Mellen alivyotusimulia.

Bwana Onsongo, umetufundisha kazi, na umetuchekesha. Asante. Tunawaombea wewe na Mellen siku njema na ndefu huko Chepilat.

Juma lililopita alinipa ripoti yake ya mwisho nichape. Kwenye sehemu ya kasoro ameandika: "Mei sikufika majosho mawili. Goti liliniuma. P. Onsongo." Nilimwambia hakuna atakayejua.

"Wewe chapa tu, dada," akasema.

Nimechapa.