Kona ya Mashariki

Mwaka ule wa 1907 mji mzima wa Jenne ulikuwa na udongo kwenye kucha. Msikiti mkuu ulikuwa unasimamishwa upya, na mnara wa kati ulibakiza kimo cha mtu mmoja tu ufike kileleni. Mvua ilikuwa jirani: kila alasiri upepo wa vumbi, halafu kimya. Tukishaswali tulikaa kwenye baraza ya Bokari mfumaji, tuliyemwita Uzi kwa kuwa maneno yake hayaishi, tukitafuna kokwa za kola na kubishana. Alikuwepo Hamadi Maziwa, mfuga ng'ombe wa kabila la Wafulani, na mimi mwashi, jina langu la baraza Tope. Wa nne alikuwa Kuro Famanta, fundi mkuu wa mnara. Tulimwita Timazi, maana jicho lake lilinyoosha ukuta bila kamba. Lakini Alhamisi hiyo nafasi yake ilikuwa tupu siku ya tatu. Jumatatu ofisa wa Kifaransa alipanda na kamba yake ya kupimia, yenye risasi nchani, akasema kona ya mashariki imelala, ibomolewe. Timazi alishuka, akanawa mikono mtoni, akaenda kwake.

– Kasusa, alisema Uzi. Unamwambia fundi kama yule ukuta wake umelala, tena mbele ya wapagazi? Hata mimi ningeshuka.

– Wewe ungeshuka kwa kuogopa urefu, Hamadi akamwambia.

– Ofisa kasema Timazi asipopanda kesho anafungwa, nikasema. Na mvua ikiukuta mnara uko wazi juu, unatuyeyukia kama uji.

Uzi aliinuka, akatazama mawingu, akakaa tena.

– Basi si kususa. Ni majini. Mnara umefika kimo wanachokaa wao, na Timazi kaambiwa asimame hapo hapo.

– Majini wana kazi gani na waashi? Hamadi akauliza. Mimi nawaambia, kajua mnara unaanguka. Jana mama yake alikuwa anahamisha kuku.

– Kuku huhamishwa kila siku, Hamadi, nikasema.

– Wote? Upande wa pili wa mji?

– Hamjui kitu, Uzi akasema, na sauti akaishusha. Yule Mfaransa anapimapima nini? Hakuna mtu anayepima kitu asichokitaka. Wanaukata vipande, wanaupakia mashuani, unakwenda kwao. Ndiyo maana wanautaka umenyooka, upangike vizuri. Timazi kaligundua hilo, kanyamaza.

– Kwao hakuna udongo? nikamuuliza.

– Wa kwetu hawana.

Nilicheka, lakini kicheko hakikudumu. Hapo akatokea Ogobara, Mdogoni muuza vitunguu, gunia begani. Wadogoni, watu wa magengeni, ni watani wetu sisi Wabozo wavuvi, hatusalimiani bila matusi.

– Nyie wala samaki, mnanuka mpaka sokoni.

– Karibu, mparamia mawe. Kaa mbali na kola zetu.

Hakunirudishia tusi. Alitua gunia chini polepole.

– Natoka kwa Timazi, nilimpelekea vitunguu. Nimesimama mlangoni kwake, jua lote usoni mwangu, ananiuliza mimi nani. Nikadhani ni utani. Nikampa mkono, yeye akaupeleka wake huku.

Akatuonyesha mkono ulivyoshika hewa.

– Haoni tangu lini? akatuuliza.

Mimi nilitema kola. Tangu mavuno nilifanya kazi bega kwa bega na yule mtu. Kila asubuhi aliniambia, "Tope, tangulia ngazini," na mkono wake ukafuata kisigino changu. Kila tofali alilipapasa kwa kiganja, nami nikawaambia wenzangu huo ndio ufundi. Siku tatu hizi sikwenda kwake, kwa kuogopa ofisa asije akaniona mlangoni. Na kona ile kweli ilikuwa imelala. Niliiona tangu Jumamosi, nikanyamaza, kwa sababu aliyeijenga ni Timazi.

Tuliondoka pale wote wanne. Tulimkuta Timazi uani kwake, ameegemea ukuta. Alipotusikia aliinua uso.

– Mko wangapi?

– Wanne, fundi. Mimi Tope. Ile kona imelala kweli.

– Kiasi gani?

– Vidole vitatu. Niliiona Jumamosi.

– Na hukusema.

– Sikusema.

Alipapasa ukuta aliouegemea.

– Mimi macho yalianza kuniacha tangu kiangazi kilichopita, akasema. Na mimi sikusema. Kesho alfajiri nipandishe. Ukiona kitu, unasema, hata kama ni changu.

Ijumaa, kabla ofisa hajafika, tulikuwa tumeshabomoa safu nne. Tukaanza upya: yeye analaza tofali, mimi nimerudi nyuma hatua mbili jukwaani, natazama.

– Imenyooka? ananiuliza.

– Bado.

Anasukuma kidogo kwa kiganja.

– Sasa?

– Bado, fundi.

Mara ya tano nikasema imenyooka. Hakuchukua tofali jingine. Aligeuza uso kunielekea, akakosea kidogo, akawa anaangalia bega langu.

– Ni kweli hiyo, Tope?

Nikarudi kuitazama tena kona yote, kutoka chini mpaka juu, ndipo nikamjibu nilichokiona.