Diski Mbili na Igoki Mmoja

Ukitoka Meru ukienda Embu, ufike Nkubu na usikie harufu ya kahawa inakaangwa na watu wanabishana, hapo ni kwangu mimi, nyanya wanayemwita shosho. Nina kibanda, nina benchi ya mbao, na benchi ina wenyewe. Kuna Solda, ambaye mamake alimwita Muthamia, anatengeneza simu na redio. Kuna Muchangi, tunamwita Ndizi, ananunua ndizi Mitunguu na hatembei bila mizani yake. Na kuna jirani yangu Ednah, jina lake hapa ni Tangazo, na sina haja ya kueleza. Asubuhi hiyo tulikuwa tumetoa televisheni nje, waya ukipita dirishani. Mashine ya mwanangu Nyaga, ile ya kuhifadhi filamu za harusi na mazishi za ukoo wetu, ilikuwa imeungua. Nyaga, aliye ng'ambo, alikuwa ametuma mashine mpya na diski mpya, Solda ahamishe vitu. Ndani ya diski ya zamani kuna dada yangu Igoki akiongea, na hakuna pahali pengine amebaki akiongea. Binti yake Eunice alikuwa njiani kutoka Embu na mtoto aliyezaliwa Igoki akiwa ameshazikwa, akapewa jina lake. Walikuwa wanakuja mtoto amsikie cucu, nyanya yake.

Solda: Nauliza mara ya mwisho. Nani alibandua ile karatasi nyekundu?

Ednah: Si nilikuwa napanguza? Wageni wanakuja, mlitaka wakute vumbi?

Solda: Tangazo! Hiyo karatasi ndiyo ilikuwa inaonyesha diski ya zamani. Nimeenda kuchukua bisibisi tu, narudi napata diski mbili zinang'aa kama sahani za harusi!

Ednah: Usinipigie kelele. Hiyo mashine nimeitunza kama mtoto. Nani aliishonea kitambaa?

Solda: Na ndio ikaungua! Mashine inataka kupumua, wewe unaivalisha sweta.

Siku nyingine tungecheka. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizuri, cheupe, na maua ya kijani pembeni. Niliangalia zile diski mbili. Nyeusi zote, ukubwa mmoja, kampuni moja.

Mimi: Muthamia, si uiulize hiyo mashine mpya? Ifungue ionyeshe.

Solda: Nimejaribu, shosho. Nikiweka hii peke yake, inakataa. Nikiweka ile, inakataa. Zote inaziona ngeni. Sasa nimeweka pamoja, na imeandika hivi: diski namba moja itafutwa yote ndipo kazi ianze. Ndiyo ama hapana.

Ndizi: Finya ndiyo, tunywe kahawa.

Mimi: Muchangi, funga mdomo. Namba moja ni gani?

Solda: Ni hii ya kushoto. Nafikiri.

Mimi: Unafikiri?

Solda: Mashine zote zinahesabu kuanzia kushoto.

Ednah: Kushoto kwa nani? Hiyo mashine imekuangalia. Kushoto kwako ni kulia kwake.

Solda akaizunguka mashine, akaiangalia kwa nyuma. Nilipigia Nyaga simu tena. Imezimwa. Huko kwao ni usiku.

Ndizi: Ngojeni. Kwani mizani ni ya nini? Ya zamani imejaa harusi, kwaya, mazishi ya ukoo mzima. Hiyo lazima iwe nzito.

Solda: Diski haiwi nzito, wewe.

Ndizi: Gunia tupu na gunia la mahindi ni sawa?

Kabla sijasema kitu, Solda alikuwa amezichomoa, na diski zinaning'inia kwa ndoano ya mizani, moja baada ya nyingine. Mshale ukasimama pahali pamoja.

Ndizi: Basi ni vile Igoki alikuwa mwembamba. Hawezi kuongeza uzito.

Nikamwinulia mwiko. Akasogea.

Ednah: Na sasa mmezirudisha. Hiyo ya kushoto ndiyo ile ya kushoto?

Solda akainama kuziangalia. Maji yalikuwa yanachemka nyuma yangu, na kichwani nilikuwa namsikia dada yangu harusini kwa Eunice, akipita kwa meza: "Kuleni, mbona mmekaa kama mko hospitali?" Hiyo sauti ninayo. Lakini hiyo ya kichwani siwezi kumchezea mtoto.

Ndizi: Mimi nawaambia, sauti ya mtu aliyezikwa na wachungaji wawili haifutiki. Mashine ikifika hapo itaogopa. Itazimika yenyewe.

Ednah: Tupige kura. Kwa chama cha kahawa hatujawahi kukwama. Tunainua mikono, tunaenda nyumbani.

Ndizi: Sasa hayo ndiyo maneno! Wa kufinya ndiyo?

Ndizi akainua. Ednah akainua. Hata bwana mmoja wa kutoka Kiirua, aliyekuwa amesimama tu kunywa kahawa, hajui tunaongea nini, akainua. Mimi nilishika birika kwa mikono yote miwili.

Ndizi: Imepita. Fundi, kazi kwako.

Solda: Shosho?

Mimi: Usiniulize mimi, Muthamia. Wewe ndiye fundi.

Akaweka kidole kwa kitufe.  Hapo ndipo Eunice alitokea, mtoto mgongoni.

Eunice: Mama mdogo, hamjambo? Mbona mmenyamaza hivyo? Mama ameanza kuongea?

Ednah, ambaye habari haijawahi kumlalia mdomoni, aliangalia viatu vyake. Nikamweleza mimi. Nilimweleza yote: karatasi, mizani, kura. Alisikiliza bila kukaa. Mtoto akateremka mgongoni, akapanda benchi, akachungulia zile diski.

Mtoto: Cucu wa jina langu yuko kwa gani?

Solda akaangalia ya kushoto. Akaangalia ya kulia. Ndizi akajifanya anafunga mizani. Kidole kikatoka kwa kitufe, polepole.

Solda: Sijui, mama.

Eunice: Basi zichomoe. Hakuna mtu ataguza kitu mpaka Nyaga aamke.

Alikaa, akatandaza leso ya kubebea mtoto mapajani. Solda akamwekea moja, kisha nyingine, kama mtu anayepokeza mayai. Bwana wa Kiirua akaomba kahawa nyingine. Ndizi akaanza kusema tungejaribu kuzinusa. Ednah akamwambia ni yeye aliyeharibu, naye akamjibu, na Solda akawajibu wote wawili.

Mtoto alikuwa ameinama juu ya leso, sikio kwa diski moja. Akahamia ya pili. Akainua kichwa, ametukasirikia.

Mtoto: Nyamazeni! Simsikii.

Na benchi yangu, ambayo hata chifu hajawahi kuinyamazisha, ikanyamaza.