Sensa Iliyovaa Kofia

Kijiwe chetu cha Kiplombe ni benchi moja ya mbao nje ya geti ya Kigen, na Ijumaa hiyo tulijaa mapema kwa sababu kulikuwa na mtu wa kushauriwa. Kesho yake Kigen alikuwa apeleke wazee wake kijijini Ziwa kwa koito, kumposa Linah, na kigari chake kilikuwa kinatoa moshi mweusi, taa ya injini imewaka. Alinunua sensa mpya ya oksijeni, kile kidude kinachokaa kwa exhaust kikinusa moshi ili injini ijue iweke mafuta kiasi gani. Akaitoa ile mbovu mwenyewe, akaipiga brashi ya waya mpaka ikang'aa, maana kwao hakuna kitu kinatupwa, akaiweka kwa gunia kando ya ile mpya. Tukamwita kahawa. Aliporudi chini ya gari akafunga sensa, akapiga stata. Taa ikawaka vilevile.

Kigen: Woi! Nitaenda kuposa na moshi?

Injinia, yaani Wamalwa, ambaye maishani amefunga nati moja ya trekta, alikuwa na jibu tayari.

Injinia: Hujakosea. Hii sensa imetoka Mombasa juzi, bado haijazoea hewa ya huku juu. Hata wageni wanaokuja mazoezi ya mbio huanza kwa kutapika.

Nangila, mwenye themosi, akacheka.

Nangila: Kwani gari itatapika?

Injinia: Si inatapika tayari? Moshi ni nini?

Kigen: Wacheni niite fundi.

Kamati: Fundi wa nini? Penye wengi hapaharibiki neno.

Huyo ni Mzee Kipkirui. Tunamwita Kamati kwa sababu hakuna harusi wala mazishi asiyosimamia, na kesho ndiye msemaji wa Kigen.

Kamati: Shida ni wakimbiaji. Kila asubuhi wanapita hapa kundi kwa kundi, wanavuta hewa yote. Gari ikiwashwa saa nne inapata makombo.

Nangila: Na kuku wangu, Mzee, wanapumua nini?

Kamati: Kuku ana pua ndogo.

Injinia akaokota sensa iliyobaki kwa gunia.

Injinia: Oneni hii ya zamani. Mnajua ilikufa na nini? Imevaa kikofia cha plastiki kwa mdomo! Miaka yote hiyo inanusa moshi ikiwa imefunikwa!

Ikapita mkono kwa mkono. Hata mimi niliipima uzito nikasema imechoka, na sijawahi kufungua boneti.

Kigen: Hii nimefunga haina kofia.

Injinia: Ndio maana nasema umefanya kazi safi.

Kamati: Na ukifika Ziwa, vile mahindi yako huko, oksijeni ni ya bure. Taa itajizima kwa geti ya wakwe.

Kigen: Na njiani?

Kamati: Pitia shambani.

Kigen akashika kichwa. Baba ya Linah alishasema hataki mkwe wa kubahatisha, na mimi nilimwonea huruma kweli.

Mara mama mmoja akasimama mbele yetu, mkoba kwapani.

— Hamjambo. Mimi ni senge ya Linah, dada ya baba yake. Nimepitia kuona kama wageni wetu wako tayari.

Tuliruka wote. Nangila akammiminia kahawa.

Senge: Hiyo mnapitishana ni nini?

Injinia: Sensa ya zamani, Mama. Imetoka kwa exhaust sasa hivi.

Senge: Huko si kuna moto?

Injinia: Moto sana, Mama! Ukigusa unaungua.

Akaichukua, akabonyeza kikofia kwa kidole.

Senge: Na hii plastiki haikuyeyuka aje?

Kigen aliangalia sensa, akaangalia gari, akaangalia sisi. Akachukua spana na ile sensa, akaingia chini. Injinia akaanza kukagua viatu vyake.

Kamati: Wahenga walisema...

Tukangoja. Wahenga hawakusema kitu.

Kigen akatoka, ile ya zamani mkononi, akachomoa waya ya betri kidogo taa isahau, akairudisha, akapiga stata. Moshi ukawa mwepesi. Taa ikazima. Nangila akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika, na Kigen akakumbatia boneti kama ng'ombe aliyepona.

Senge naye alicheka mpaka akafuta macho.

Senge: Haya, gari iko tayari. Na kesho, ni nani ataongea kwa niaba yenu?

Tukamgeukia msemaji wetu. Mzee Kipkirui alichungulia kikombe chake, akakikuta kitupu, akamnyooshea Nangila. Nangila akainamisha themosi. Kahawa ilikuwa imeisha.