Mgongo wa Mwalimu

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya anasinzia, lakini masikio aliyatega kiti cha mbele, walikokaa mwalimu na wifi yake.

“Vidonge uliandikiwa vya siku kumi, wifi. Huu mwaka wa pili.”

“Aliniandikia daktari, sikuviokota njiani,” alijibu mwalimu. “Na mgongo bado. Hata kuinama siwezi.”

“Basi leo tumwambie akusaidie kuviacha.”

“Nikitaka naacha hata kesho.”

“Kesho yako hiyo imeshaota mvi.”

Basi likafunga breki kituo cha hospitali. Kichupa kikaruka mkobani, vidonge vikatawanyika, na mwalimu akawa tayari chini ya viti, ameinama kama mgongo si wake. Fundi aliinua miguu bila kuombwa.

“Wifi, tumefika,” mwenzake aliita mlangoni, amechoka hata kukasirika.

“Bado viwili,” ilijibu sauti kutoka chini ya kiti.